Rangi ya Tango na Rangi ya Zambarau

Siku ishirini kabla ya arusi ya Lokesh, Fundi Yasin alipaka mabaka mawili kwenye ukuta wa kaskazini wa chumba cha nyuma, kila baka ukubwa wa shuka la mtoto. La kushoto lilikuwa rangi ya zambarau zilizoiva. La kulia lilikuwa kijani chepesi mno, rangi ya tango likishamenywa. Alipomaliza aliosha brashi, akaketi kizingitini na bilauri ya chai, akawaambia wanawake wawili waliosimama nyuma yake wasiamue chochote mpaka keshokutwa.

"Chokaa mbichi ni mwongo," alisema. "Ikikauka ndipo inasema kweli. Wangapi wamenipakisha chumba mara mbili kwa pupa zao!"

"Mimi sina haja ya keshokutwa," alisema Kesar, mke wa mwenye nyumba na mama yake Lokesh. "Zambarau ndiyo rangi ya bibi arusi. Hiyo nyingine ni rangi ya hospitali."

"Hospitali gani hiyo uliyolazwa ikawa na rangi nzuri hivi?" aliuliza wifi yake, Dhapu. "Nipeleke na mimi nikaumwe huko."

Fundi Yasin alicheka mpaka chai ikammwagikia kidoleni. Kisha akasema kwamba ugomvi wa mawifi si kazi yake, yeye ana neno moja tu la ufundi: rangi nyepesi hukuza chumba na rangi nzito hukipunguza. Alikuwa akilisema neno hilo katika kila nyumba kwa miaka thelathini, na kila nyumba ilikuwa ikitikisa kichwa na kuendelea na mambo yake.

Dhapu alikuwa dada wa mwenye nyumba, Narsi. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na tisa. Katika lugha yao jina lake linasema kwamba tumeshiba, na wazazi humpa binti wanapotaka Mungu aelewe kuwa mabinti sasa wametosha. Wa kwanza alikuwa amekufa kwa surua kabla ya kufikisha miaka minne, lakini inaonekana naye alihesabiwa. Mungu alielewa, na baada ya miaka mitano akamleta Narsi. Dhapu hakuwahi kuona ubaya wa jina hilo. Alimbeba mdogo wake kiunoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inamgonga magotini, na akitaka kumtania alimwambia kwamba kama si yeye kuitwa Dhapu, Narsi angekuwa bado yuko foleni huko mbinguni.

Aliolewa na miaka kumi na saba, kijiji cha mbali, mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka Nagaur, mji ulio karibu na kwao. Huko kwa mumewe alitembea uso umefunikwa kwa ncha ya mtandio miaka yote arobaini na miwili, kwa sababu ya baba mkwe, mashemeji na kila mzee aliyepita njiani. Lakini binti wa kijiji hajifuniki kwao. Kila basi lilipomshusha karibu na tangi la maji la kwao, aliurudisha mtandio nyuma ya masikio, upepo ukampiga mashavuni, na akaanza kucheka peke yake barabarani. Watu walishazoea kumwona akiingia kijijini namna ile.

Mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Wanawe wa kiume, wote wawili, walikuwa mji wa mbali wa Surat, kwenye viwanda vya nguo, wakilala kwa zamu kitanda kimoja. Kwa hiyo kila baridi ilipoanza alikuja kwa Narsi akakaa miezi miwili, mitatu, akalala katika chumba cha nyuma, kile alichokuwa akilala na mama yake utotoni. Kila mtu alikiita chumba cha Dhapu. Sasa kilikuwa kinapakwa rangi kwa ajili ya mke wa Lokesh, na hakuna aliyemwambia yeye atalala wapi. Jambo hilo lilimkereketa. Hakuwa akitaka nyumba. Alitaka mahali pa kutandika kitanda cha kamba ndani ya nyumba ya baba yake, pawe pake, asipaombe kila mwaka kama mtu anayeomba kiberiti kwa jirani.

Alhamisi asubuhi chokaa ilikuwa imekauka. Kesar aliingia na ufagio, akageuka, akajigonga bega kwenye baka la zambarau. Ukuta ulikuwa umesogea ndani kiasi cha vidole vinne mahali pale, na penye baka la tango ulikuwa umerudi nyuma shibiri nzima. Kesar alijisugua bega, akafagia na lile bonde jipya, maana vumbi lilikuwa limeshaingia, kisha akamwita mumewe.

"Baba Lokesh! Njoo uone. Kumbe alichosema Yasin ni kweli."

Narsi alikuja na mswaki wa mwarobaini mdomoni. Alipima kwa kiganja upande huu na upande ule. Fundi Yasin naye alifika, akagonga ukuta kwa fundo la kidole, akasikiliza, akaridhika. "Imeshika," alisema. "Chokaa ya mwaka huu ni nzuri, haijachanganywa na uchafu."

Sasa kulikuwa na jambo la kuamua, na Kesar hakuwa mtu wa kushindwa mapema. Kwa siku mbili mawifi hao walikaa mbele ya ukuta kwa saa tofauti. Asubuhi walitazama jua linavyoingia. Mchana walitazama jua likiwa limeondoka chumbani. Jioni waliwasha taa, Kesar akavaa bangili zake zote, akanyoosha mkono mbele ya zambarau, kisha mbele ya tango. Kusema haki, zambarau ilikuwa nzuri. Dhahabu iling'aa mbele yake, na hata mkono wa Kesar, ambao ulikuwa umepigwa na jua la mashamba ya uwatu tangu alipoolewa, ulionekana mkono wa bibi arusi. Dhapu aliliona hilo.

"Unaona?" alisema Kesar.

"Naona."

"Basi sema."

"Ni nzuri, wifi. Sikatai. Lakini huyo mtoto wa watu atavaa bangili akiwa amesimama wapi?"

Lokesh alikuja na utepe wa kupimia. Baba yake bibi arusi alikuwa amemtumia kwenye simu picha za samani alizomnunulia binti yake: kitanda chenye kioo kichwani, kabati la milango mitatu, kochi, jokofu. Wote waliinamia simu. Ikawa wazi kwamba chumba kikipakwa zambarau, kabati litaingia lakini mlango wake wa tatu hautafunguka maisha.

Hapo ndipo Narsi aliposema maneno yaliyompa Dhapu sababu ya kupigania tango waziwazi. Alisema mbele ya mkewe na mwanawe, mkono wake begani kwa dada yake.

"Dada, kipake tango. Kikikua, ile kona ya dirishani ni yako. Tutatia pazia. Anayelalamika anijie mimi."

Roho ilimtulia Dhapu. Tangu dakika ile hakuwa na aibu tena. Aliisifu tango mbele ya majirani, akamwambia Lokesh kwamba rangi hiyo huleta usingizi mwema, akamwambia Kesar kwamba zambarau inaonyesha utando wa buibui. Kesar alisalimu amri Jumamosi, kwa sharti moja. Ndoo nzima ya zambarau ilikuwa imekwisha kuchanganywa na yeye hawezi kuimwaga, kwa hiyo ikapakwe chooni. Ilipakwa chooni. Kwa juma zima choo kilipungua taratibu, mpaka Narsi, ambaye ni mtu wa tumbo, akawa anaingia kinyumenyume. Hakulalamika. Alimwambia mkewe tu apunguze samli kwenye mkate wa mtama.

Chumba cha nyuma nacho kilianza kukua siku ileile Fundi Yasin alipomaliza ukuta wa nne. Kilikua bila kelele. Asubuhi walikuta ukuta umesogea hatua, jioni hatua nyingine. Sakafu ilifuata, na dari pia, na dirisha lilikwenda na ukuta wake. Nje hapakuwa na mabadiliko. Kichochoro cha nyuma kilibaki na upana wake, na mwarobaini uliokuwa umeegemea nyumba uliendelea kuegemea. Jirani wa kaskazini alikuja na fimbo kulipima zizi lake, akalikuta kamili, akanywa chai, akaenda zake.

Dhapu alifurahi siku hizo kuliko alivyofurahi kwa miaka mingi. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuingia. Wanawake wa mtaa walihamia mle kuchambua mchele wa arusi na kukaanga umbea, na kila mmoja alipoingia alisema hewa ni nzuri. Dhapu aliwaonyesha kona yake kwa kidole. Waliitazama, wakasema Narsi ni ndugu kweli, siku hizi ndugu wa namna hiyo wako wapi. Siku ya saba, saa sita mchana, chumba kiliacha kukua. Fundi Yasin aliyekuwa anapaka mlango wa nje alisema ni kawaida, rangi imekomaa.

Juma hilohilo serikali ilikuwa imeweka kambi katika shule ya kijiji, ya kugawa hati za nyumba kwa watu ambao nyumba zao zilikuwa hazijaandikwa. Narsi alipeleka jina lake. Karani mmoja aitwaye Ghewar, mtu mwembamba mwenye kikohozi, alikuja Jumatatu asubuhi na pikipiki. Alipima nje, akapima ndani, akapima tena ndani, akakaa kwenye kitanda cha kamba cha uani kuandika.

"Nje ni yadi za mraba mia mbili na arobaini," alisema. "Ndani ni mia tatu na sitini."

"Ndiyo," alisema Narsi. "Tumepaka rangi."

"Nyepesi?"

"Ya tango."

Karani aliandika. Kisha akaomba karatasi zilizokuwepo za nyumba, na Kesar akatoa sandukuni mfuko wa plastiki wenye karatasi moja. Ilikuwa ile hati ya kuachia haki.

Kila mtu pale aliijua. Baba yao alipokufa miaka minne iliyopita, siku ya kumi na mbili ya matanga, wanaume wa ukoo waliketi uani na vilemba vyeupe, Dhapu akaletewa karatasi na kalamu. Sheria ilisema mtoto wa kike na wa kiume wana fungu sawa. Desturi ilisema binti mwema huliacha fungu lake kwa ndugu yake. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini binti anayechukua fungu lake hakaribishwi tena kwao, na siku anapowaoza watoto wake hakuna ndugu anayefika mlangoni na vilemba na vitambaa, na wakwe wote wanaona kwamba hana watu. Dhapu alitia saini, akapewa sari na sinia la vitamu vya ladu. Mwaka uliofuata, binti yake alipoolewa, Narsi alikuja na watu ishirini, akamfunika shela jekundu mbele ya kijiji kizima cha mumewe, na Dhapu alilia kwa furaha mpaka akashikwa mikono. Hivyo yeye alijihesabu kuwa hakudhulumiwa, au angalau alikuwa hajihesabu kabisa.

Karani Ghewar aliisoma hati ile. Akaweka kidole cha mkono mmoja kwenye karatasi ya zamani, na kidole cha mkono wa pili kwenye karatasi yake.

"Hapa anaachia yadi mia moja na ishirini," alisema. Akakohoa. "Na chumba kimeongezeka yadi mia moja na ishirini."

Kuku alipita. Narsi alitazama miguu yake mwenyewe.

"Aliyetia saini hapa ni nani?"

"Ni mimi," alisema Dhapu.

"Mama, zile ulizoachia ni hizi za zamani. Hizi za ndani hujaziachia, hazikuwepo. Zimekuja kamili, kwa hesabu yako, hazikuzidi wala hazikupungua. Mimi siwezi kuziandika kwa jina la huyu bwana mpaka wewe useme. Ukizitaka, naandika jina lako, ni mstari mmoja tu. Usipozitaka, tunafanya hati nyingine, mashahidi wawili. Nipo shuleni mpaka kesho saa kumi."

"Chai isipoe," alisema Kesar.

Karani alikunywa, akashukuru, akawasha pikipiki yake.

Basi kutoka mchana wa Jumatatu mpaka alasiri ya Jumanne, Dhapu alikuwa mwanamke mwenye yadi mia moja na ishirini za mraba. Aliingia chumbani akafunga mlango. Alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani akihesabu, akapata hatua thelathini na tano. Akarudi, akapata thelathini na sita. Furaha ilimpanda ya kitoto, ya kumfanya mtu afunike mdomo. Alipanga mahali pa kitanda, pa sanduku lake la bati, pa mtungi wa maji. Kisha akabadili, akakisogeza kitanda karibu na mlango ili asikie mazungumzo ya jikoni. Kisha akakirudisha dirishani. Alifikiria kuwaleta wanawe kutoka Surat wakati wa joto, kila mmoja kitanda chake. Alikaa sakafuni katikati ya chumba, miguu mbele, na kwa muda mrefu hakuwa na jambo lolote la kumwomba mtu yeyote.

Alipotoka, jua lilikuwa limeegemea upande wa barabara, na Narsi alikuwa hajala. Sahani yake ilikuwa pale ilipowekwa mchana. Narsi hakuwa mtu wa kuomba. Tangu utoto akikosa kitu alisusa chakula mpaka akipate, na Dhapu mwenyewe ndiye aliyemzoesha hivyo, kwa kumpa.

"Mlafi leo kasusa?" Dhapu alimtania.

"Sina njaa, dada."

"Choo kitashukuru."

Hakucheka. Aliinuka akaenda kuwatazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Dhapu aliketi jikoni. Kesar alikuwa anaponda mikate ya moto kwa mikono, anaichanganya na sukari na samli, kile chakula alichokuwa akikipenda wifi yake. Hakuinua macho.

"Wifi, mimi sikukatazi," alisema. "Ukitaka jina lako, andika. Lakini wakwe zetu wapya wakisikia dada kadai fungu lake, watauliza kuna nini humu ndani. Arusi imebaki siku saba. Na yule baba Lokesh unamjua, hatakwambia kitu, atakonda tu."

"Namjua."

"Mimi nami niliandika kwetu. Ndugu watano wa kiume. Nilitia saini mara moja, wakagawana kabla wino haujakauka." Alikusanya yaliyobaki kwenye ukingo wa sinia kwa kidole. "Mimi sikupata hata chumba cha kuchagulia rangi."

Dhapu alimtazama. Walikuwa wamegombana miaka thelathini kuhusu chumvi, kuhusu pazia, kuhusu nani alimlea Lokesh vibaya, na hili walikuwa hawajawahi kuligusa.

"Uliumia?"

Kesar alilamba sukari kidoleni.

"Walinipa sari nzuri," alisema, akamsogezea sinia.

Jumanne saa tisa Dhapu alikwenda shuleni na Narsi, akatia saini. Karani alimwuliza mara mbili kama ni kwa hiari yake, kama sheria inavyotaka, naye alijibu ndiyo mara mbili. Iliuma. Ile ya kwanza haikumuuma, kwa sababu siku ile alikuwa hajaziona. Hizi alikuwa ametembea juu yake. Nyumbani Narsi alikula mikate minne na bakuli mbili za mtindi, na Dhapu akafurahi kumwona anakula, na akajikasirikia kwa kufurahi. Kesar alimletea sari. Ilikuwa ya zambarau. Kesar hakuwa mtu wa kuiacha rangi aliyoipenda ipotee bure, na kwa kweli ilimpendeza Dhapu, kila mtu alisema.

Baadhi ya watu wa mtaani walikuwa wamefikiri kwamba baada ya saini chumba kitarudi. Hakikurudi hata kidole. Kilibaki palepale, cheupe kwa mbali na kijani kwa karibu, na hati ikatoka kwa jina la Narsi, yadi mia tatu na sitini.

Siku tano kabla ya arusi lori lilileta samani. Kitanda, kabati, kochi, jokofu, na mashine ya kufulia ambayo haikuwa kwenye picha. Milango yote mitatu ya kabati ilifunguka, Lokesh akaifungua na kuifunga mara kadhaa kuwaonyesha watu. Kulikuwa na nafasi tele. Kwa kuwa kulikuwa na nafasi, Narsi aliingiza magunia ya majani ya uwatu yasipatwe na umande. Mpishi wa arusi akaingiza sufuria zake. Magodoro ya kukodi, mia na kumi, yakapangwa upande wa kushoto. Lokesh na rafiki zake wakaegesha pikipiki tatu, wakafunga na wavu wa kuchezea mpira wa vinyoya, na hapo ndipo wazee wakaanza kusema kwamba sasa chumba kimepata watu.

Kona ya dirishani ilikuwa bado tupu. Dhapu alikiinua kitanda chake cha kamba kichwani, akaanza kuvuka. Alikuwa amefika kwenye wavu Kesar alipomfuata mbio, anahema.

"Wifi, unakwenda wapi na mzigo huo?"

"Kwenye kona yangu."

"Hebu itazame iliko! Ukishikwa na kikohozi nani atakusikia? Chai nikikuletea itafika imekuwa barafu. Na huyu binti ni mgeni, ana haya zake, atavaaje nguo na shangazi yuko humu, hata kama ni huko Delhi?"

Narsi alikuwa amefika naye. Alikichukua kitanda kutoka kichwani mwa dada yake kwa mikono miwili, kwa upole.

"Dada, kona ni yako, nilisema na sijabadilika," alisema. "Ila imekwenda mbali. Kukuweka kule ni kukutupa. Kwa faida yako mwenyewe, lala hapa karibu yetu."

Alisema kwa mapenzi, na Dhapu alijua kwamba ni mapenzi. Hilo ndilo lililomfunga mdomo. Kitanda kiliwekwa barazani, kati ya pipa la unga na mlango wa jikoni, mahali penye joto. Kona ya dirishani walipanga viti vya kukodi. Kesho yake Dhapu alishaanza kupazoea barazani. Aliwasikia wote wakipita, akawatania, na chai ilimfikia ya moto.

Siku mbili kabla ya arusi watu wa upande wa bibi arusi walikuja kukitazama chumba, wanawake saba na wanaume watatu. Walivua viatu, wakaingia, wakazunguka na kutoa sauti za kupendezwa. Wanaume walikwenda na Narsi hadi dirishani, wakachukua muda wao. Wanawake walibaki karibu na kitanda chenye kioo, na shangazi wa bibi arusi, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka, alipitisha kiganja ukutani.

"Rangi hii nani aliichagua?"

"Wifi yangu," alisema Kesar kwa fahari. "Mimi nilitaka zambarau, yeye akakataa katakata. Leo namshukuru. Ana mkono wa heri."

Yule mwanamke alimgeukia Dhapu, akamshika vidole.

"Hongera, dada. Chumba chote hiki! Na wewe chako ni kipi?"

Kesar alifungua kinywa, lakini Dhapu alimtangulia. Alikuwa ameshika sinia la ladu, akalisogeza mbele kwa tabasamu, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Mimi? Mimi hapa ni mgeni!"

Kule dirishani, mbali kiasi kwamba watu wa mlangoni walionekana wadogo na wote wanafanana, Narsi alilisikia neno la mwisho. Hakuona ni nani aliyelisema. Aliviunganisha viganja vyake kifuani, akainamisha kichwa kuelekea mlangoni, akaita kwa furaha ya mwenye nyumba kwamba karibu, karibu sana, ajisikie yuko kwao.